Somo Aliyesema Mtoto Amegeuka

Katika wimbo wa kumtoa mwali, huko Mzenga, kuna mahali ngoma hunyamaza na mwimbishaji husimama akingoja. Zamani, katika kimya kile, sauti moja ilipanda kutoka nyuma ya wanawake wote, nyembamba na kavu, ikaitikia peke yake, kisha ngoma zikaanguka tena na vigelegele vikafuata. Sauti hiyo haipo sasa. Mpwa wa mwenye sauti alijaribu kuziba pengo, akaanza chini mno. Msimu uliofuata akajaribu mwingine, watoto wakacheka. Siku hizi hawajaribu. Ngoma hunyamaza, mwimbishaji hungoja kidogo kana kwamba kuna mtu yuko njiani, halafu wapigaji huendelea. Wasichana wadogo wanadhani ndivyo wimbo ulivyo.

Ilikuwa sauti ya Bi Mwamini, binti wa marehemu Mwinyimadi, mjane, mkulima wa mihogo na mbaazi, na somo wa wanawali wengi wa pale. Msichana akivunja ungo hutiwa ndani, na mwanamke mmoja huchaguliwa kumfunda habari za usafi, za mume, za uzazi, na za kunyamaza. Kazi hiyo haiishi siku mwali anapotolewa. Somo huitwa siku ya harusi, na mimba ya kwanza ni yake. Akishasema neno juu ya mimba hiyo, mume hapiti juu yake.

Wanawali wake wote aliwapenda kwa ukali. Bi Mwamini alimpenda Firdausi kwa namna nyingine, kwa sababu alimpokea akiwa hana mama, na kwa sababu walikuwa na siri.

Mwali akiwa ndani hupewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho ni kiwiliwili na kichwa tu, bila mikono wala miguu, chenye nywele za kweli utosini. Humwogesha, humpaka mafuta, hulala naye kama mtoto. Asiyemtunza, wazee husema, uzazi utamsumbua. Mchana mmoja vijana walipita nje wakishangilia ushindi wa mpira, na Firdausi akapanda juu ya kinu achungulie dirishani. Mwana hiti alimponyoka akaanguka kichwa chini kwenye saruji. Kishungi cha nywele kikabanduka.

Ilipasa wanawake wa ukoo waambiwe, siku ya kutoka isogezwe na tambiko lifanyike. Msichana angetungiwa wimbo wa kumsuta, na wimbo wa namna hiyo humfuata mtu hadi uzeeni. Bi Mwamini alikiokota kishungi, akakibandika kwa nta ya nyuki, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Nani kamwangusha?" aliuliza.

"Mimi, somo."

"Hapana. Ni mimi. Nilikuwa namfuta vumbi. Umesikia? Tena hata mimi sikumwangusha."

Firdausi alitoka siku ileile iliyopangwa, akang'aa kwa mafuta, na pale pa kuitikia Bi Mwamini aliitikia kwa sauti ambayo watu wa Mzenga wanaikumbuka hadi leo.

Miaka ikapita. Firdausi aliolewa na Halidi, fundi wa kuchomea mageti, mwenye karakana kando ya barabara Misugusugu. Wakapanga vyumba nyuma ya karakana hiyo. Mimba ilipokuwa imekaribia mwisho walikwenda kliniki pamoja. Nesi Stellamaris, mwenyeji wa Bukoba mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito, alimpapasa Firdausi tumboni, akampeleka kwenye utrasaundi, akarudi akiwa amekunja midomo.

"Mwanao kakaa kitako," alimwambia Halidi. "Kama mzee yuko barazani anangoja kahawa."

Halidi akacheka.

"Cheka, baba. Ila kahawa hii tutainywa na daktari."

Daktari aliitwa Anselmi, mtu mwembamba aliyezungumza taratibu huku akitazama mikono yake mwenyewe. Hakuwaficha kitu. Alisema mtoto aliyetanguliza matako anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, na wengi huzaliwa hivyo wakiwa salama, lakini hii ilikuwa mimba ya kwanza, mtoto alikuwa mkubwa, na yeye angependa wapange upasuaji kabla uchungu haujaanza.

"Hawezi kutoka hivyohivyo alivyo?" Firdausi aliuliza.

"Anaweza. Matako yatapita. Kinachobaki nyuma ni mikono na kichwa. Shida yetu huwa mwishoni, mama, na mwishoni hakuna kurudi. Mkichagua njia ya kawaida, mchague mkiwa hapa, na sisi tuwe tumejiandaa. Nendeni mkazungumze. Jumatatu mniletee jibu."

Njiani Halidi alisema yeye jibu analo, daktari kashasema. Walipofika nyumbani, Firdausi alisimama mlangoni.

"Niitie somo wangu," alisema.

Halidi aliwasha pikipiki akapita Mlandizi, akashika njia ya vumbi hadi Mzenga. Alimkuta Bi Mwamini uani akimenya mihogo, mguu mmoja ameunyoosha, kisu kinakwenda bila kutazamwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mtu aliyefiwa na mbuzi? Mwenzako mzima?"

"Mzima. Mtoto ndiye kakaa vibaya. Katanguliza matako. Daktari anataka kupasua."

Kisu kikasimama. Bi Mwamini aliutazama muhogo uliokuwa mkononi, mweupe, nusu bado una ganda. Alijua kabla hajauliza chochote mawazo ya Firdausi yalikuwa wapi, na aliona aibu kwamba yake nayo yalikuwa palepale, juu ya saruji, kwenye kishungi cha nywele. Aliingia ndani akatoka na kanga na chupa ya mafuta ya nazi.

Misugusugu, mlango ulipofungwa na wakabaki wawili, Firdausi alimwambia kwa sauti ya chini, "Ni yule niliyemwangusha, somo. Alianguka kichwa chini. Sasa huyu wangu anaogopa kuinamisha kichwa."

"Nyamaza. Yule nilimwangusha mimi."

"Wakinipasua watajua. Mzenga nzima itajua kuna jambo."

"Nimekwambia nilimwangusha mimi. Basi na kumgeuza nitamgeuza mimi. Lala chali."

Alikuwa amewahi kugeuza watoto, naam, zamani, kabla zahanati haijawakataza wakunga wa nyumbani kukanda matumbo. Baadhi waligeuka. Baadhi hakupata kujua, kwa sababu walizaliwa kwingine. Alipasha mafuta viganjani, akaanza juu, chini ya mbavu, akimsukuma mtoto taratibu upande mmoja huku mkono wa pili ukimwita kutoka chini. Firdausi aliuma pembe ya kanga. Kuna wakati kitu kizima ndani ya tumbo kilijivuta, kikazunguka kama mtu anayegeuka usingizini, na wote wawili wakabana pumzi.

Kisha tumbo likatulia, na Bi Mwamini akaweka mkono chini kabisa, juu ya nyonga, kusikiliza.

Kichwa kina tabia yake. Ukikisukuma kidogo kwa vidole, huondoka, halafu hurudi kugonga mkono, kama dafu kwenye ndoo ya maji. Matako hayarudi. Kilichokuwa chini ya mkono wake kilikuwa kigumu, kikubwa, cha duara. Alikisukuma. Akangoja. Akakisukuma tena. Pengine kilirudi. Pengine ulikuwa mshipa wa mkono wake mwenyewe uliogonga, kwa kuwa moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Aliinua macho, akayakuta macho ya Firdausi, yaleyale ya msichana aliyesimama kando ya kinu.

"Amegeuka," alisema.

Firdausi alilia kwa furaha. Halidi, aliyekuwa amefungua mlango kidogo kuuliza kama wanahitaji maji, alisimama pale kizingitini, na alikuwa ameuona ule mkono ukirudi mara ya pili.

Jioni, wakila, alisema kwa upole, "Mama, kesho si twende wakamtazame tena kwenye mashine? Tuhakikishe tu."

Bi Mwamini alimega tonge. "Halidi, mwanangu. Geti ukishalichomea, huwa unamwita fundi mwingine aje aseme kama limeshika?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Firdausi alicheka, akamwambia mumewe, "Umelitafuta mwenyewe hilo." Na Halidi naye akacheka, na mambo yakaishia hapo, kwa kuwa mimba ya kwanza ni ya somo. Kama angesema mwingine yeyote, shangazi, jirani, hata imamu, Halidi angebisha.

Jumatatu hawakwenda. Stellamaris alipiga simu mwenyewe. Halidi alimweleza kwamba mtoto amegeuka.

"Kageuzwa na nani?"

Halidi akamtazama Bi Mwamini. Bi Mwamini akatikisa kichwa.

"Kageuka tu," Halidi alisema.

"Mleteni nimwone. Leo."

"Mwambie wiki ijayo," Bi Mwamini alisema, si kwa sauti kubwa. "Atulie kwanza. Ukimtikisatikisa atarudi alikotoka." Neno hilo alilitunga palepale. Hakuna aliyemfundisha. Na alipolisikia likitoka kinywani mwake alijua kwamba anaiogopa mashine.

Wiki ijayo haikufika. Alhamisi asubuhi, jua limekwishapanda, Firdausi alikuwa uani akichambua mchele, mara akasema, "Somo, nimelowa." Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Bi Mwamini alimshika akamkalisha ndani, akatazama kanga. Maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na uzito mweusi wa kijani, choo cha mtoto, kinene kama lami, kama kinavyotoka mtoto anapokuja amekalia njia. Akapitisha mkono chini ya mbavu za Firdausi, uchungu ulipoachia kidogo. Pale juu, chini ya vidole vyake, kitu cha duara kiliondoka, kikarudi, kikagonga. Safari hii hapakuwa na pengine.

Aliikunja kanga kwa ndani, doa lisionekane.

"Vipi, somo? Kichwa kimekaribia?"

"Vaa viatu," Bi Mwamini alisema. "Halidi! Acha hilo geti! Tafuta bajaji!"

Kwenye bajaji alimshika Firdausi kiunoni na kila shimo la barabara likampiga yeye kwanza. Angeweza kusema hapo. Halidi alikuwa mbele kando ya dereva, karibu kiasi cha kusikia. Alisema tu, "Usisukume, mwanangu. Pumua. Usisukume."

Stellamaris aliwapokea mlangoni mwa leba, akamlaza Firdausi, akamfunua, na uso wake ukabadilika. "Mwite Dokta Anselmi," alimwambia mwenzake. "Waandae chumba cha upasuaji, ila sidhani kama tutafika." Kisha akamtazama Bi Mwamini. "Wewe ni mama yake?"

"Somo wake."

"Kaa kichwani pake. Mshike. Usiguse kingine."

Kwa hiyo aliyaona yote. Anselmi aliingia akifunga aproni, akatazama, akasema upasuaji umepitwa, mtoto ameshashuka mno. Uamuzi aliowapa wakaufikirie nyumbani, wiki nzima, ulikuwa umejiamua wenyewe njiani. Alisogea, akakunja mikono yake nyuma.

"Msimvute," alisema. "Mwacheni aje mwenyewe. Mama, sasa sukuma."

Matako yakaja. Miguu ikaanguka, mmoja, wa pili. Mtoto wa kike. Mgongo ukashuka mpaka kwenye mabega, ukasimama. Bi Mwamini hakuwahi kumwona mtu akisimama bila kufanya kitu kwa nguvu kiasi kile, jinsi daktari yule alivyosimama akingoja. Halafu Anselmi alisema neno fupi kwa Stellamaris, na mikono yake ikaenda. Mikono ya mtoto ilikuwa imepanda juu, nyuma ya shingo, kama mtu aliyejitwika mzigo. Wa kulia aliupata upesi. Wa kushoto ulikataa. Aliuzungusha mwili wote wa mtoto, akaingiza vidole, akauteremsha, na katika kuuteremsha uso wake ulikunjamana kama aliyeumia yeye. Kisha kichwa. Kisha mwili mdogo wa buluu mezani, na Stellamaris akiusugua kwa taulo, akiusema, "Wewe! Wewe! Hebu tusikie!"

Mtoto alilia. Kilio chembamba, kikavu.

Walipokwisha kumshona Firdausi na chumba kimetulia, Stellamaris alikuja akasimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa.

"Jumatatu nilipiga simu. Nikaambiwa mtoto kageuka. Nani aliyewaambia?"

Bi Mwamini alikuwa amekaa kwenye kigoda kichwani pa kitanda. Swali lilimfikia wazi kabisa. Alifungua kinywa.

"Ni mimi," Firdausi alisema. "Niliogopa kisu. Nikamdanganya mume wangu kwamba nimemsikia akigeuka."

Stellamaris alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Chumba kilinyamaza, kikangoja. Bi Mwamini akafunga kinywa.

Nesi alipoondoka, Bi Mwamini aliinama akamnong'oneza Firdausi, "Kwa nini umesema vile?"

Firdausi alikuwa amefumba macho, amechoka, mtoto yuko kifuani. "Wewe ulinichukulia yule," alisema. "Mimi nimekuchukulia huyu. Usiseme tena, somo."

Mkono wa kushoto wa mtoto ulilala kando ya mwili, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Ukiuinua, unaanguka. Anselmi alieleza kwamba mishipa ya fahamu ya bega imevutika, kwamba mara nyingi hurudi, na mara nyingine hurudi nusu, na mazoezi yasiache hata siku moja. Walimwita Maulida, kwa kuwa alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Majirani waliokuja kumwona walisema Mungu mkubwa, na kweli, wote wawili walikuwa hai, mama na mtoto. Bi Mwamini alimwogesha, alimpaka mafuta, alimfunga nepi. Kila alipomfunga katika kanga, mikono yote miwili ndani, kichwa tu nje, alilazimika kutazama pembeni.

Alikaa nao mpaka arobaini ilipotimia. Siku aliyofunga mzigo wa kurudi Mzenga alipitia karakanani. Halidi alikuwa amepiga magoti mbele ya geti, miwani myeusi machoni.

"Zima hiyo mashine," Bi Mwamini alisema.

Akaizima.

"Firdausi hakukudanganya. Ni mimi. Mkono wangu ulikuwa haujui, mimi nikasema unajua."

Halidi aliivua miwani. Alichukua muda kuifuta kwa pindo la shati.

"Nilijua, mama. Nilikuona, nikiwa mlangoni, ukimsukuma mara ya pili. Mtu mwenye uhakika hasukumi mara ya pili." Akaichukua nyundo iliyokuwa chini, akaipiga kwenye kiungo cha geti alichokuwa ametoka kuchomea, mara moja, na chuma kikalia mtaa mzima. "Siku ile uliniuliza kama namwita fundi mwingine. Simwiti. Ila nalipiga nyundo. Kila geti, hata lile nililo na uhakika nalo. Jibu lilikuwa hapa," akagusa koo. "Nikaona haya kumjibu mkwe."

"Nitukane basi."

"Nitakutukana vipi peke yako?" Akavaa miwani. "Mtoto anataka kushikwa mkono ule asubuhi na jioni, na mimi niko na mageti, na mama yake anarudi kwenye kazi yake ya duka. Unakwenda Mzenga kufanya nini?"

Alijitwika mzigo wake. Alikwenda Mzenga kufanya jambo moja.

Baada ya mavuno, wanawali wa mwaka ule walipokaribia kutolewa, aliwakusanya wanawake wa ukoo uani kwa Bi Biasha, mkubwa wao, akamtoa yule mwana hiti wa Firdausi kwenye kitambaa. Aliwaambia kuhusu kishungi na nta. Akawaambia kuhusu mkono. Biasha, aliye mkubwa kwake kwa umri na asiyemwogopa mtu, alimgeuzageuza mwana hiti akitafuta mahali pa nta, asipaone.

"Umekibandika vizuri," alisema hatimaye. "Hilo la kinyago tungelimaliza kwa kuku mmoja, Mwamini. Mti ni mti. Tungemwimba msichana wiki moja tukasahau." Akamkunja mwana hiti katika kitambaa. "Hilo la pili sisi hatuna tambiko lake."

Hawakumfukuza kwenye usomo. Hilo watu hawalijui vizuri, wanadhani alifukuzwa. Siku ya kutoka kwa mwali alikuwepo, nyuma ya wanawake wote, mahali pake. Wimbo ukafika pale pa kuitikia. Ngoma zikanyamaza, mwimbishaji akasimama, na watu wakangoja sauti ya Bi Mwamini. Aliiona tena leba, Stellamaris mikono kiunoni, na swali likingoja. Kinywa kilifunguka. Hakikutoka kitu. Alijitanda kanga, akapita kati ya watu, akarudi nyumbani kufunga mzigo.

Halidi na Firdausi wamejenga Mbwawa, nyumba ya vyumba vitatu ambayo bado haijapakwa rangi, yenye geti kubwa kuliko nyumba. Bi Mwamini anaishi nao, chumba cha uani. Maulida ana miaka mitatu. Mkono wa kushoto unainuka hadi usawa wa bega na hauendi zaidi. Kila Jumatano asubuhi Bi Mwamini humpeleka hospitali, na hukaa naye kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo mpaka waitwe.